Mliorudi nyumbani baada ya miaka mingi ughaibuni: mlibeba nini, mliaga nani, mnajutia nini?

Uzi Mwekundu (mleta mada)

Wakuu, habari za wakati huu.

Nilikaa nje miaka kumi na mmoja na huu ni mwezi wa nane tangu nirudi. Jumapili iliyopita ndipo nilipopata moyo wa kufungua boksi la mwisho, lile nililoliandika kwa kalamu nene JIKONI NA MENGINEYO. Ndani nimekuta vifuniko sita visivyo na sufuria zake, chaja ya simu niliyoiuza zamani, na ufunguo mmoja uliofungwa uzi mwekundu.

Ufunguo ule si wangu. Ni wa jirani yangu wa mlango wa pili, mama mtu mzima anayeishi peke yake. Alinikabidhi mwaka wangu wa tatu pale, akaniambia: ukiona pazia langu halijafunguliwa siku mbili, usibishe hodi, ingia. Nikakaa nao miaka minane. Sikuwahi kuutumia, ila kila asubuhi nikitoka nilikuwa nalitupia jicho lile pazia.

Siku ya kuondoka gari la mizigo lilifika alfajiri. Nikawa nahangaika na gundi, mizani na mtu wa kukagua nyumba, huku najiambia nikimaliza nitambishia hodi. Nilipomaliza, ndege ilikuwa imebakiza saa tatu kuruka. Nikapita mlangoni kwake mbio, begi huku na begi huku. Pazia lilikuwa wazi.

Kwa hiyo nimevusha bahari vifuniko sita vya sufuria, na kubisha hodi nikashindwa.

Nimefungua uzi huu kwa ajili ya wanaojiandaa. Mimi wiki sita za mwisho nilizitoa zote kwa vitu. Maboksi kumi na manne, na kama kila kitu kingeteketea njiani ningekwenda kununua upya vya maboksi matatu tu. Laiti ningejiuliza swali hilo kabla ya kununua gundi. Upande wa watu nilifanya tafrija moja, wakaja kama arobaini, na sidhani kama kuna niliyezungumza naye zaidi ya dakika tatu. Wote tuliahidiana kuonana tena kabla sijaondoka. Unajua mwenyewe ahadi hizo. Huyu yuko zamu ya usiku, yule amesafiri, mwingine anauguza. Vitu vinakaa pale ulipoviweka mpaka uvifikie, ila watu wana ratiba zao, na ratiba hizo hazijui tarehe ya tiketi yako.

Sasa naomba mawazo: ufunguo nautumaje, na huyu mama namwambia nini? Na wenye uzoefu wa kufungasha wamwage hapa wengine wapone.

Nawasilisha.

Bandarini

Mkuu pole. Ya ufunguo nawaachia wengine, mimi nizungumzie maboksi maana ndiyo kazi yangu, natoa mizigo bandarini miaka mingi sasa.

Kinachowaponza wengi ni kupima kwa macho. Kwa meli, mzigo wa kuchangia kontena unalipiwa kwa ujazo. Boksi la sentimita 60 kwa 50 kwa 50 ni mita za ujazo 0.15, kwa hiyo maboksi ishirini ya namna hiyo ni mita 3 tu. Kontena la futi 20 linameza kama mita 33. Mtu mwenye maboksi ishirini anashawishiwa akodi kontena zima "ili awe huru", halafu analijaza magodoro na makabati ya mbao za kubandika ambayo hayafiki salama hata ukihama mtaa.

Kwa ndege wanatazama uzito na ujazo, wanachukua kilicho kikubwa. Wanazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, halafu wanagawa kwa 6000, na kampuni za vifurushi hugawa kwa 5000. Boksi hilohilo ukilijaza mito na mablanketi, kwenye mizani linasoma kilo 8, kwenye ankara ya kifurushi linasoma kilo 30. Mito iache huko huko.

Vitabu weka kwenye maboksi madogo. Nimeshaona boksi kubwa la vitabu likipasuka kitako wakati wa kushusha, na mwenye mali yuko pale anatazama.

Andika orodha ya kila boksi, kitu kwa kitu, na boksi lipewe namba. "Mengineyo" usiandike (samahani mleta mada). Ofisa wa forodha akisoma "mengineyo" anataka kuona hayo mengineyo ni nini, na boksi linafunguliwa. Msamaha wa ushuru kwa vitu vya nyumbani vilivyotumika upo katika nchi nyingi, lakini una masharti: umekaa nje muda gani, vitu umekuwa navyo tangu lini, mzigo unaingia muda gani baada ya wewe kuingia. Uliza kabla ya kupakia. Ukiuliza mzigo ukiwa gatini unauliza huku gharama za kuhifadhi zinahesabiwa kwa siku.

Kama fundi anakutengenezea kasha la mbao, hakikisha mbao zina muhuri wa suke la ngano. Maana yake mbao zimetibiwa wadudu, ama zimepashwa moto hadi katikati yake ifike nyuzi 56 kwa dakika 30, ama zimepigwa dawa. Bila muhuri huo kasha linaweza kukataliwa au kuteketezwa, na vilivyomo vikabaki yatima.

La mwisho, bima. Watu wanasema "meli kubwa ile itazama vipi?" Haihitaji kuzama. Kuna desturi ya kale ya bahari kwamba nahodha akilazimika kutupa shehena au kuingia gharama kubwa ili kuokoa meli, hasara wanagawana wote wenye mali ndani ya meli ile, hata ambaye boksi lake halikuguswa. Ile meli Ever Given iliyokwama mfereji wa Suez Machi 2021, mwenye meli alitangaza hivyo hivyo. Siku 6 imekwama, ikazuiwa Misri mpaka Julai, na wenye mizigo wakatakiwa kuweka dhamana ndipo wakabidhiwe mali zao. Mwenye bima, kampuni yake inamsimamia. Asiye na bima anatoa mfukoni ili apate sufuria zake.

Begi Mbili

Nakazia kwa Bandarini. Mimi nilisoma nje miaka sita nikarudi na begi mbili za kilo 23 na mkoba wa mkononi, vingine vyote niligawa. Wahenga walisema mwenda kwao haogopi giza. Mizani ya uwanja wa ndege hawakuitaja.

Nunua ile mizani ndogo ya kuning'iniza. Na usijaze begi moja mpaka lipite kilo 32 ukidhani utalipia ziada yaishe, mashirika mengi hayapokei begi la zaidi ya hapo hata ukilipa, kwa ajili ya migongo ya wapakiaji.

Pawabenki na betri za akiba zinakaa mkononi, kamwe zisiingie kwenye begi la chini. Kikomo cha kawaida ni Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri). Kama pawabenki imeandikwa mAh peke yake, zidisha kwa 3.7 ugawe kwa 1000: ya 20,000 inatoa 74, inapita. Kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika. Juu ya hapo iache.

Begi likifika limevunjika, usitoke uwanjani bila kuandikisha. Mkataba wa Montreal wa 1999 unakupa siku 7 za kudai kwa maandishi begi lililoharibika, na 21 kwa lililochelewa, tangu ulipolipokea. Mimi nilikwenda siku ya kumi na mbili na begi langu lisilo na magurudumu, wakanitazama kwa huruma tu.

Mlango wa Nyuma

Mimi nitapingana na mleta mada. Kuaga kumetukuzwa mno. Nimehama nchi tatu na kote nimeondoka kimya. Unamaliza kazi Ijumaa, Jumatatu watu wanauliza fulani yuko wapi. Hakuna machozi, hakuna zawadi za kubeba. Anayekutaka ana namba yako. Hizo tafrija watu wanajipigia picha wao wenyewe.

Uzi Mwekundu

@Mlango wa Nyuma kwenye tafrija tuko pamoja mkuu. Ila "ana namba yako" inawahusu watu wa rika letu. Huyu mama namba yangu hakuwa nayo. Hatukuwahi kuihitaji, mlango wake na wangu ni hatua nne.

Nilivyokuja kuona ni kwamba wale wa karibu tuliagana bila kujua, kwa simu na ujumbe, na mpaka leo tunaongea. Niliowapoteza ni wale wa katikati: dereva wa basi la asubuhi, mlinzi wa ofisini, yule mama wa maktaba. Huna namba zao, wengine hata majina kamili huyajui, na ndio waliokuwa wakikuona kila siku. Ukiondoka bila neno kwao hakuna pa kuanzia tena.

Mama Wawili

Ngoja niseme ya watoto maana hakuna aliyegusa.

Wangu walikuwa na miaka tisa na mitano. Sisi wazazi tulikuwa tunasema "tunarudi nyumbani". Siku moja mkubwa akaniuliza, mama, nyumbani si hapa? Nikakosa jibu. Kwake yeye tulikuwa tunahama kwao, tunampeleka likizo isiyoisha. Tangu hapo nikaacha lile neno, nikawa nasema "tunahamia kwa bibi".

Kosa langu lilikuwa kufungasha chumba chao cha kwanza, kwa kuwa ndicho chenye vitu visivyo vya lazima. Mdogo akalala wiki tatu kwenye chumba chenye ukuta mtupu, akaanza tena kukojoa kitandani. Fungasheni chumba cha watoto mwisho. Kila mmoja apewe begi lake analojaza mwenyewe bila kukaguliwa (ndani ya la mdogo tulikuja kukuta mawe ya uwanja wa shule, kilo mbili na ushee, na mpaka leo yapo dirishani). Na waacheni waage wenyewe. Mkubwa alikwenda kuliaga bembea. Nilimsubiri pembeni nikijifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Shuleni msichukue ripoti ya mwisho peke yake. Ombeni barua yenye muhuri inayoeleza madarasa aliyopita na mtaala wake, pamoja na kadi za chanjo.

Karatasi Kwanza

Uzi mzuri. Ila naona mnapima mito na karatasi hamzitaji. Mto ukipotea unanunua mwingine. Karatasi nyingine zinatolewa pale pale ulipokuwa, na ukishaondoka unazifuata kwa barua pepe zisizojibiwa.

Cheti cha tabia njema cha polisi wa nchi uliyoishi, chukua ukiwa bado upo. Mwajiri au ubalozi wa nchi nyingine unaweza kukudai baada ya miaka mitano, na kwa nchi nyingine utatakiwa alama za vidole. Vyeti vya elimu, ndoa na kuzaliwa vigongwe apostili (muhuri wa kuthibitisha kwamba cheti ni halisi, ili kikubalike nchi nyingine) hukohuko, kwa sababu apostili hutolewa na nchi iliyotoa cheti. Hiyo inatokana na mkataba wa Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961, na inafanya kazi pale ambapo nchi zote mbili zimo. Kama mojawapo haimo, ni mlolongo wa wizara kisha ubalozi. Faili la hospitali, picha za meno, vipimo vya miwani, omba nakala. Mkataba wa kazi na hati za mshahara za miaka yote zihifadhi, zitadaiwa siku ya kufuatilia pensheni, na pensheni yenyewe uliza mapema: kuna nchi zina makubaliano ya kujumlisha miaka uliyochangia hapa na pale, kuna nyingine zinarudisha michango, na kuna zisizorudisha kitu.

Halafu simu. Hapa ndipo nilipoumia. Nilikata laini siku ya mwisho nikijiona nimefunga hesabu vizuri. Wiki ya pili naingia benki, wananiambia tumekutumia namba ya siri kwenye simu yako. Simu ipi? Barua pepe nayo, namba ya siri kwenye laini ileile. Kubadilisha namba benki wanataka nifike tawini, na mimi niko upande wa pili wa dunia. Ilinichukua miezi minne na hati ya uwakili niliyomwandikia rafiki. Kwa hiyo hamisha namba kwenye kila akaunti kwanza, jaribu kuingia kwa namba mpya, ndipo ukate laini. Akaunti ya benki nayo usiifunge mpaka amana ya nyumba na marejesho ya kodi yameingia. Amana huja baada ya wewe kuondoka, na wapangishaji wengine hawana haraka. Piga picha kila chumba kikiwa kitupu, piga na mita ya umeme na ya maji, namba zionekane.

Paka na Mimi

Mnaosafiri na mnyama anzeni miezi sita kabla, si wiki sita. Chipu ya utambulisho ya tarakimu 15, ile inayowekwa chini ya ngozi, inawekwa kwanza, chanjo ya kichaa cha mbwa baadaye. Mimi paka wangu alichanjwa kabla ya chipu, ikahesabika hajachanjwa, tukaanza upya. Nchi nyingine zinataka na kipimo cha damu halafu usubiri miezi. Tiketi yangu niliisogeza mara mbili kwa ajili ya paka. Watu wanacheka. Nimeshazoea.

Bado Sijatua

Nimesoma uzi wote kimya. Mimi nimerudi mwaka wa pili sasa na nitasema lisilopendeza: kuaga kulikonisumbua ni kule kwa baada ya kufika.

Nilidhani kule nilikuwa mgeni, huku nitakuwa mwenyeji. Nikakuta vichekesho sivielewi, rafiki zangu wana rafiki wengine, na kila nikifungua mdomo sentensi inaanza na "kule sisi tulikuwa...". Dada yangu akaniambia kwa upole, tumeshakuelewa kule mlikuwaje. Nikanyamaza, na kunyamaza nako kukawa tabu.

Nilichokuja kusoma ni kwamba hali hii imeandikwa zamani. Mwaka 1955 Sverre Lysgaard, akiwachunguza Wanorwe waliokwenda kusoma Marekani, alieleza kwamba mgeni huanza na furaha, anashuka katikati, kisha anapanda anapozoea. Mwaka 1963 John na Jeanne Gullahorn wakaongeza kwamba anayerudi kwao hushuka tena na kupanda tena. Ule mchoro wenye umbo la U wakaugeuza W. Sijui kama kila mtu anafuata mchoro, mimi nilishuka moja kwa moja. Ila kujua kwamba kuna jina la ninachopitia kulinifanya niache kudhani ni kiburi, maana ndivyo nilivyokuwa naambiwa.

Kuhusu ufunguo: mkuu mpigie kwanza. Usitume bahasha yenye ufunguo na anwani yake pamoja bila yeye kujua, ikipotea umempa mtu nyumba. Na usimwandikie barua ndefu ya kujitetea. Mwambie ulipita bila kubisha.

Mlango wa Nyuma

Mpigie kwa namba gani sasa, si kasema hana?

Bado Sijatua

Kuna mwenye nyumba, kuna majirani wengine. Mtu anatafutwa.

Uzi Mwekundu

Wakuu, mrejesho baada ya siku kumi na saba.

Nilimpata kijana wa ghorofa ya chini aliyekuwa akinisaidia baiskeli. Akapanda mpaka kwa mama, akampa simu yake mkononi, tukaongea kama nusu saa. Nilimwambia kama nilivyoshauriwa, kwamba nilipita bila kubisha hodi.

Akasema anajua. Alisikia gari la mizigo tangu alfajiri. Alikuwa amesimama nyuma ya mlango wake, ameshavaa viatu na koti, akisubiri nibishe ili anisindikize mpaka chini. Hakutaka kutoka mwenyewe asije akanichelewesha. Akasikia begi zinapita.

Nilikaa kimya kidogo, naye akawa kimya. Kisha akaniuliza mizigo yangu ilifika salama.

Ufunguo amesema niutume kwa rejista kwa jina la yule kijana, maana kitasa hajabadilisha. Kinachomsumbua ni ampe nani baada ya hapo. Aliyehamia kwangu hamjui, ni mtu wa kutoka usiku kurudi usiku. Nikamwambia kijana yupo hapo hapo anatusikia. Mama akamuuliza, wewe pazia langu unaliona ukitoka? Kijana akasema akienda kuchukua baiskeli analiona. Basi wakaendelea kuongea wenyewe, mimi nikiwa bado kwenye laini.

Mama Wawili

Nimesoma hapa kazini imebidi nitoke nje kidogo.

Bandarini

Safi sana mkuu. Rejista hiyo weka namba ya ufuatiliaji, na kwenye fomu andika ufunguo wa chuma, mmoja. Usiandike mengineyo.

Na vile vifuniko?

Uzi Mwekundu

Kimoja kimeenea kwenye sufuria ya dada yangu. Vitano vipo kwa anayetaka.